Kompyuta moja, skrini tatu: Pima kasha kabla ya kununua kadi

HERUFI moja au tarakimu moja ikikosewa wakati wa kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, kijana wa Dongobesh au Endasak anaweza kuingia kwenye usumbufu wa siku nyingi. Mzazi aliyeuza vitunguu saumu ili apate nauli na fedha ya fomu naye hubaki hajui kosa lilitokea wapi.

Kosa la namna hiyo huzaliwa mezani, ndani ya duka la steshenari. Mchapaji amekaa upande mmoja akiitazama skrini, mteja amesimama upande wa pili akitazama mgongo wa skrini hiyo hiyo. Mteja anataja, mchapaji anaandika anavyosikia.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, jambo hili lina uzito wa pekee. Majina ya Kiiraqw kama Tluway, Hhando na Qamara yana sauti ambazo mchapaji aliyetoka mkoa mwingine hajazizoea, na majina ya Kidatoga yanayoanza na Gida au Uda huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Jina la baba likiandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kazi ya kulirekebisha huwa kubwa kuliko ile ya kujaza fomu.

Dawa yake ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Ni skrini ya pili inayomtazama mteja, ili asome mwenyewe kila kinachoandikwa kabla kitufe cha kutuma hakijabonyezwa.

Hata hivyo, wengi wanaotaka kuongeza skrini hukimbilia kununua kadi ya grafiki, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha na kuipeleka kwenye skrini. Wapo wanaofika nayo nyumbani na kukuta haiingii kwenye kasha, haina tundu linalolingana na waya walio nao, au inahitaji umeme mwingi kuliko kompyuta inavyoweza kuupa. Fedha imekwenda, na nauli ya kurudi Arusha au Dar es Salaam kuibadilisha inaweza kukaribia bei ya kadi yenyewe.

Kwanza jiulize ni ya kazi gani

Skrini ya pili hufanya kazi za aina mbili, na aina hizo ndizo zinazoamua kama kadi inahitajika au la.

Aina ya kwanza ni kurudufu. Skrini zote zinaonyesha kitu kile kile. Hii ndiyo inayomfaa mwenye steshenari anayejaza fomu za mikopo, za vyuo, za ajira za serikali au za leseni ya biashara.

Aina ya pili ni kutanua. Kila skrini inaonyesha kitu chake. Mnunuzi wa mazao wa Katesh anaweza kuweka daftari la hesabu kwenye skrini moja, ujumbe wa wateja na bei za mnada kwenye ya pili, na picha za kamera za ghala kwenye ya tatu. Minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendeshwa kwa kompyuta, hivyo anayefuatilia bei akiwa na hesabu zake pembeni hafanyi kazi ya kufungua na kufunga madirisha kila dakika.

Mpiga picha za harusi naye yumo katika kundi hili. Skrini moja huwa na vipande vya video anavyovikata, nyingine humwonyesha video yenyewe jinsi itakavyotoka.

Anayehitaji kurudufu pekee hana haja ya kununua kadi. Kipo kifaa kidogo kinachogawa waya mmoja wa VGA au HDMI kwenda skrini mbili, na bei yake huwa ndogo. Kifaa hicho hakiwezi kutanua, kitarudufu tu. Kwa fomu hiyo inatosha, mradi skrini zote mbili ziwe na ukubwa wa picha unaolingana.

Kwa ufupi, mwenye steshenari anaweza kumaliza tatizo la majina kwa kifaa cha kugawa waya na skrini moja ya mtumba. Kadi ni ya yule anayehitaji kutanua.

Geuza kompyuta, hesabu matundu

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye kompyuta aigeuze na kuangalia mgongoni. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazouzwa nchini tayari zina matundu mawili au matatu ya skrini, ila wamiliki hutumia moja tu.

VGA ni tundu la zamani lenye vitundu 15, na mara nyingi huwa la bluu. DVI ni pana, na mara nyingi ni jeupe. HDMI linafanana na lile la runinga za kisasa. DisplayPort linakaribiana na HDMI, lakini kona yake moja tu ndiyo iliyokatwa.

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na ikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu inaweza kuendesha skrini tatu bila kadi ya ziada. Ikumbukwe kuwa Dell ilitoa kompyuta nyingine yenye jina hilo hilo mwaka 2023, hivyo mnunuzi asitazame jina pekee.

Kompyuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2011, huishia kwenye skrini mbili kwa grafiki yake ya ndani. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja tu inaweza kumwondolea mnunuzi gharama ya kadi.

Matundu yakitosha, kinachobaki ni kuunganisha waya, kushika kitufe cha Windows na kubonyeza herufi P. Hapo kompyuta itauliza kama inatakiwa kurudufu au kutanua.

Adapta nazo zina mitego yake

Skrini nyingi za mtumba zina VGA pekee, wakati kadi nyingi za karibuni hazina tundu hilo. Hapo ndipo adapta inapoingia.

Tundu la DisplayPort au HDMI hutoa picha kwa mfumo wa dijitali, wakati VGA hupokea mfumo wa zamani wa analogi. Kwa hiyo adapta ya kwenda VGA lazima iwe na saketi ndani yake ya kubadilisha mawimbi. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande mwingine hautafanya kazi, hata kama unaingia vizuri kwenye matundu yote mawili.

Jambo la pili ni mwelekeo. Adapta iliyotengenezwa kutoa HDMI kwenda VGA haiwezi kutumika kinyume chake. Anayenunua aeleze wazi kompyuta ina tundu gani na skrini ina tundu gani.

Anayekutana na kadi za zamani za AMD Radeon, kuanzia zile za mfululizo wa HD 5000 zilizotoka mwaka 2009, aelewe kuwa nyingi zina matundu matatu au manne lakini skrini ya tatu haiwaki mpaka ipitie DisplayPort moja kwa moja, au adapta yenye saketi yake. Wingi wa matundu si ushahidi wa wingi wa skrini. Kinachotakiwa kusomwa ni idadi ya skrini zinazoweza kuwaka kwa wakati mmoja, kama ilivyoandikwa na mtengenezaji.

Vipimo vinne vya kadi

Ikithibitika kuwa kadi inahitajika, mnunuzi afungue kompyuta yake, au amwombe fundi aifungue, na kuandika mambo manne kwenye karatasi kabla ya kusafiri.

La kwanza ni ukubwa wa kasha, ambalo wengi huliita sipiyu. Kasha refu la kusimama hupokea kadi yenye bamba la urefu wa kama sentimeta 12. Kasha jembamba, ambalo ndilo limejaa maofisini na madukani, hupokea kadi fupi yenye bamba la kama sentimeta 8. Kompyuta zile ndogo kama kitabu hazina nafasi ya kadi hata kidogo.

Kadi fupi nyingi huuzwa zikiwa na mabamba mawili, refu na fupi. Kwenye mitumba bamba fupi mara nyingi limepotea, hivyo mnunuzi adai lionyeshwe kabla hajalipa.

La pili ni nafasi yenyewe kwenye ubao mama. Kadi za leo huingia kwenye nafasi ya PCI Express ile ndefu. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina nafasi ya AGP, ambayo haipokei kadi hizo. Fundi hawezi kuilazimisha.

La tatu ni umeme. Nafasi hiyo ndefu inaweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo ina tundu la kuchomekea waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Kasha jembamba la OptiPlex 7010, kwa mfano, lina pawa saplai ya wati 240 kwa kazi zote za kompyuta.

Kwa sababu hiyo kadi inayofaa kwa biashara ya aina hii ni ndogo. Nvidia Quadro P400 hutumia wati 30 tu, ina urefu wa kuingia kwenye kasha jembamba na ina matundu matatu ya DisplayPort ndogo. Quadro P620 hutumia wati 40 na ina matundu manne. GeForce GT 1030 nayo ni ya wati 30, lakini kwa kawaida huwa na matundu mawili.

Mnunuzi wa Quadro hizo akumbuke kuhesabu adapta, kwa kuwa DisplayPort ndogo haiingii waya wa kawaida. Kadi ikiuzwa peke yake bila adapta zake, bei iliyoonekana nzuri hupanda.

La nne ni upoozaji. Zipo kadi zenye feni na zipo zinazopoa kwa bati lenye mapezi bila feni. Kwa vumbi la kiangazi linaloingia madukani Katesh na Basotu, feni ndogo huziba na kuanza kulia. Kadi isiyo na feni haina feni ya kuharibika, ila inahitaji hewa ipite ndani ya kasha. Kwa vyovyote vile, kasha lifunguliwe na kupulizwa vumbi kila baada ya miezi michache.

Usidanganywe na ukubwa wa kumbukumbu

Wauzaji wengi hutangaza kadi kwa kumbukumbu yake: GB moja, mbili au nne. Mnunuzi huamini kuwa kubwa zaidi ndiyo itakayobeba skrini nyingi zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Skrini ya kawaida ya leo ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, na kila kitone huchukua baiti nne. Zidisha, na utapata kama MB 8 kwa skrini moja. Skrini tatu ni kama MB 25. Hata ukiongeza mara kadhaa kwa kazi za ndani za kompyuta, bado GB moja inabaki na nafasi kubwa.

Kumbukumbu kubwa ina maana kwa michezo ya kompyuta, kwa uhariri wa video nzito na kwa michoro ya majengo. Kwa fomu, hesabu, barua na picha za pasipoti, fedha hiyo ya ziada itumike kununua skrini nzuri au betri ya UPS.

Tahadhari kwenye mitumba

Septemba 15, 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingia kwenye soko la mitumba duniani. Baadhi bado zinafaa, lakini feni zake zimechoka.

Mbaya zaidi, zipo kadi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, kama Nvidia P106-100, ambazo hazina tundu hata moja la skrini. Kwa bei zinavutia, lakini kwa mwenye kutaka skrini tatu ni chuma tu.

Aidha, zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, ina uwezo wa kutambua nyingi kati ya hizo na kuandika kuwa ni bandia. Mnunuzi amwombe muuzaji awashe kadi ndani ya kompyuta na kuifungua programu hiyo mbele yake.

Jambo jingine ni umri wa programu. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache. Nvidia nayo ilifunga mwaka 2024 marekebisho ya usalama kwa kadi za kizazi cha Kepler, ambamo GT 710 nyingi zimo.

Hii haina maana kwamba kifaa cha zamani kitazima. Ina maana kuwa dukani kunakojazwa namba za vitambulisho na akaunti za benki za watu, mwenye duka afikirie kuhamia Linux, ambayo ni ya bure, au kununua kompyuta mpya zaidi badala ya kuweka kadi kwenye mashine inayoelekea mwisho.

Gharama ya umeme

Skrini ya LED ya inchi 20 hutumia kama wati 20. Ikiwaka saa 10 kwa siku, hiyo ni wati-saa 200, yaani sehemu moja ya tano ya uniti. Kwa siku 26 za kazi, skrini moja ya ziada itakula uniti tano na kidogo kwa mwezi. Skrini za chogo, ambazo bado zipo kwenye maghala ya mitumba, hula mara nne hivi ya kiasi hicho, na akiba ya bei yake huishia kwenye LUKU.

Umeme unapokatika, UPS ndogo hubeba kompyuta kwa dakika chache tu. Kila skrini inayoongezwa hupunguza dakika hizo. Inashauriwa kasha na skrini kuu pekee ndizo zichomekwe upande wa betri, skrini nyingine zichomekwe upande wa kawaida. Printa ya leza isichomekwe kwenye betri kabisa, kwa sababu inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mpigo.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mwenye steshenari wa Haydom ambaye anatenga Sh150,000 kwa skrini ya pili na vifaa vyake. Kama kila fomu inamwachia Sh500 baada ya kutoa bando, umeme na karatasi, atahitaji fomu 300 kurudisha fedha hiyo.

Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukiwa mzuri, fomu hizo zinaweza kupatikana. Msimu ukiwa mbaya, itamchukua muda mrefu. Ndiyo maana anayeanza anashauriwa kuanza na skrini moja ya kurudufu, aone kama wateja wanaongezeka, kisha ndipo afikirie kadi na skrini ya tatu.

Kwa mnunuzi wa mazao hesabu ni nyingine. Kosa moja la kuandika kilo za mbaazi au ngano kwenye mstari wa mtu mwingine linaweza kumgharimu zaidi ya kadi na skrini zote. Kwake, kuona risiti upande mmoja na daftari upande mwingine ni kinga ya hasara.

Siku ya kufunga

Kadi inapofungwa, kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe kabisa. Fundi aguse bati la kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha aisukume kadi wima mpaka kishikizo kilie. Baada ya hapo skrini zichomekwe kwenye kadi na programu yake ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kompyuta nyingi huzima matundu yake ya zamani mara kadi inapoingia. Si ubovu. Kwenye mipangilio ya BIOS ya baadhi ya kompyuta kuna sehemu ya kuruhusu vyote viwili vifanye kazi pamoja, na anayetaka skrini nyingi zaidi anaweza kuitumia.

Mnunuzi asiondoke dukani bila risiti yenye jina kamili la kadi, na bila makubaliano ya maandishi ya siku za kuirudisha ikikataa. Kwa mtu anayetoka Yaeda Chini au Balangdalalu, siku tatu hazitoshi. Aombe angalau wiki mbili.

Karatasi ya kwenda nayo mjini basi iwe na mistari michache tu: jina la kompyuta na mwaka wake, urefu wa bamba, wati za pawa saplai, matundu yaliyopo mgongoni, matundu ya kila skrini, na idadi ya skrini zinazotakiwa kuwaka pamoja. Muuzaji akishindwa kuijibu karatasi hiyo, duka linalofuata halipo mbali.